Dkt. Otto Buchinger (1878–1966): daktari wa jeshi la majini aliyeufanya mfungo kuwa tiba. Maisha yake na njia yake, hatua kwa hatua

Kibuyu (#1)

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye magrupu kunazunguka vipande vingi kuhusu "mfungo wa juisi wa Kijerumani". Kila kipande kina vipimo vyake, na karibu vyote vimelikata jina la mwenye njia hiyo pamoja na masharti yake. Hayo masharti ndiyo roho ya jambo lenyewe, kwa hiyo naanza na mtu, kisha posti inayofuata nitaweka njia.

Otto Buchinger alizaliwa Darmstadt, Ujerumani, tarehe 16 Februari 1878. Alianza na sheria pale Giessen, akaiacha, akasoma udaktari, kisha akaingia jeshi la majini la Kaisari kama daktari. Nalitaja hili mapema kwa sababu wengi wanamdhania mtu wa mitishamba aliyejizukia tu. La hasha. Huyu alikuwa daktari aliyesomea na kuapishwa, akatibu mabaharia kwa miaka mingi kwa dawa zilezile walizotumia wenzake. Kilichomtofautisha mapema ni msimamo wake juu ya pombe. Alikuwa mwanachama wa Guttempler, chama cha watu walioahidi kutogusa pombe kabisa, na msimamo huo miongoni mwa mabaharia haukuwa mwepesi.

Mwaka 1917, vita vikiendelea, alishikwa na mafindofindo makali. Antibiotiki hazikuwepo, penisilini yenyewe iligunduliwa 1928. Maambukizi yakahamia kwenye viungo, vikavimba na kukakamaa. Mwaka 1918 jeshi likamwachisha kazi kwa ulemavu, akiwa na miaka 40 na familia ya kulea. Daktari asiyeweza kukunja vidole hapimi mgonjwa.

Mwaka 1919 akaenda Freiburg kwa Dkt. Gustav Riedlin, daktari aliyekuwa akitibu kwa mfungo. Akafunga siku 19. Alitoka amekonda na hana nguvu, lakini viungo vilikuwa vinakwenda tena. Siku zile 19 ndizo zilizogeuza kazi yake yote.

Mwaka 1920 akafungua nyumba yake ya tiba Witzenhausen, mji mdogo kando ya mto Werra. Mwaka 1935 akatoa kitabu chake kikuu juu ya mfungo wa tiba, *Das Heilfasten und seine Hilfsmethoden*, na kipindi hichohicho akahamia Bad Pyrmont, mji wa chemchemi za madini. Mwaka 1953, akiwa na miaka 75, akafungua kliniki Überlingen kwenye Ziwa Konstanz pamoja na binti yake Maria na mkwewe Helmut Wilhelmi. Hapohapo Überlingen ndipo alipofariki tarehe 16 Aprili 1966, umri miaka 88. Binti na mkwe wakafungua tawi la Marbella, Hispania, mwaka 1973.

---

Msoma Ramani (#2)

Shukrani mkuu Kibuyu. Naongeza kitu juu ya Witzenhausen, maana mji huo una uzi unaofika mpaka kwetu.

Hapo ndipo ilipokuwa Deutsche Kolonialschule, shule iliyoanzishwa 1898 kuwafundisha vijana wa Kijerumani kilimo cha nchi za joto ili waende kusimamia mashamba kwenye makoloni, Afrika Mashariki ya Kijerumani ikiwemo. Buchinger alipofungua milango mwaka 1920, koloni lenyewe lilishatoka mikononi mwa Wajerumani kwa mkataba wa Versailles wa 1919, ila shule ilibaki. Leo majengo yale yanatumiwa na Chuo Kikuu cha Kassel kwa masomo ya kilimo hai, na kuna nyumba ya vioo yenye mimea ya nchi za joto.

Na tarehe zenyewe zina maana. Ujerumani ya 1920 ilikuwa imetoka kwenye njaa ya vita iliyoua raia wengi. Kumwambia mtu wa wakati ule "njoo ukae bila kula, utapona" kulihitaji imani kubwa kwa daktari. Hii ndiyo sababu Buchinger hakuacha kutofautisha njaa na mfungo. Mwenye njaa amenyimwa, ana hofu, hajui lini atakula. Mwenye kufunga ameamua mwenyewe, anajua siku ya kumaliza, na kuna mtu anamwangalia.

---

Kibuyu (#3)

Sasa njia yenyewe. Hivi ndivyo inavyofanyika kwenye kliniki zinazofuata mkondo wake. Imeandikwa hapa ili ieleweke, si ili mtu ajifungie chumbani kwake siku 10.

Maandalizi. Daktari anampima mgonjwa kwanza: historia, presha, uzito, damu, dawa anazotumia. Kahawa inapunguzwa siku kadhaa kabla. Halafu siku moja au zaidi ya kulipumzisha tumbo, chakula chepesi cha aina moja kisichozidi kama kalori 600: matunda tu, au wali usio na chumvi, au mboga.

Kusafisha tumbo. Asubuhi ya siku ya kwanza, chumvi ya Glauber (sodiamu salfeti) gramu 20 hadi 40 kwenye nusu lita ya maji, na ndimu kidogo kwa ajili ya ladha, maana ladha yake ni chungu na inachefua. Inanywewa taratibu, kisha maji au chai ya majani juu yake. Chumvi hii haifyonzwi vizuri na utumbo, kwa hiyo inayavuta maji kuingia ndani ya utumbo na kukisukuma nje kila kilichomo. Baada ya saa 1 hadi 3 hivi kazi inaanza, na siku hiyo mtu hatoki nyumbani.

Siku za mfungo. Kwa siku:
- supu ya mboga iliyochujwa, mililita 250
- juisi ya matunda au mboga, mililita 250
- asali gramu 30, kama vijiko vinne vya chai
- maji na chai ya majani isiyo na kafeini, lita 2 hadi 3

Ukijumlisha unapata kalori 200 hadi 250. Hapo ndipo Buchinger alipoachana na wafungaji wa maji matupu. Daktari Henry Tanner wa Marekani alifunga siku 40 New York mwaka 1880 mbele ya watazamaji. Buchinger hakuwa anatafuta rekodi. Wanga huo kidogo unapunguza kasi ya mwili kula misuli yake, na supu inarudisha potasiamu kiasi.

Supu: maji lita moja, viazi mviringo gramu 250, karoti mbili, kipande cha figili-selari, nusu ya liki (mboga ya jamii ya kitunguu). Kata vipande vidogo, chemsha moto mdogo dakika 15 hadi 20, chuja, nyunyizia kotimiri. Chumvi haiwekwi. Inanywewa kwa kijiko, mtu amekaa mezani, taratibu. Wanaoimimina kooni kama dawa ndio wanaolalamika kwamba hawashibi.

Enema (maji yanayoingizwa kwa njia ya haja kubwa) kila baada ya siku moja, maji ya uvuguvugu, kwa sababu bila chakula utumbo hausukumi wenyewe.

Kukanda ini. Baada ya supu ya mchana mtu analala chali. Taulo dogo linaloweshwa maji, linakamuliwa mpaka lisidondoke, linalazwa upande wa kulia chini ya mbavu. Juu yake mfuko wa mpira wa maji ya moto, kisha taulo kavu linazungushwa kiunoni, blanketi juu. Nusu saa. Haya ni ya ukoo mmoja na tiba za maji za Padre Sebastian Kneipp.

Kutembea kila siku, wala si kulala kutwa nzima.

Kufungua. Nitaiwekea posti yake. Ndiyo sehemu inayoua watu.

---

nesi_wa_zamu (#4)

Kaka Kibuyu umeandika vizuri. Ngoja nijaze mahali panapoharibika, maana vipande vya kwenye magrupu vinaparuka.

Chumvi. Kuna chumvi tatu watu wanazichanganya. Ya kwanza ni ya Glauber. Ya pili ni ya Epsom, yaani magnesiamu salfeti, ambayo nayo inaharisha, lakini mwenye figo dhaifu akiinywa magnesiamu inalundikana kwenye damu, inalegeza misuli na kupunguza mapigo ya moyo. Ya tatu ni chumvi ya mezani, na kuna watu wanaiweka vijiko kadhaa kwenye maji wakidhani ni kitu kilekile. Sodiamu ya damu inapanda ghafla, mtu anaweza kupata degedege au kufa. Jambo jingine: chumvi ya Glauber ya fuwele ina maji ndani yake. Unga wake mkavu, kwa uzito uleule, una nguvu zaidi ya mara mbili. Gramu 40 za fuwele ni sawa na gramu 18 hivi za unga mkavu. Anayepima kwa kijiko bila kusoma lebo anajiharisha mpaka anaishiwa maji.

Maumivu ya kichwa siku ya 2 na ya 3. Mara nyingi ni kahawa iliyoachwa ghafla, au maji hayatoshi. Watu wanasema ni "sumu inatoka". Kunywa maji, pumzika.

Kizunguzungu ukisimama. Siku za mwanzo mwili unatoa chumvi na maji mengi kwa mkojo, presha inashuka. Kaa kwanza ukingoni mwa kitanda dakika moja ndipo usimame. Kijiko cha asali kinyonywe polepole. Kama mtu anazimia, mapigo yanaruka au anatapika mfululizo, mfungo umeishia hapo, ni hospitali.

Mfuko wa maji ya moto. Usiweke maji yaliyotokota. Mwenye kisukari ambaye ngozi imekufa ganzi anaungua bila kujua.

Dawa. Hapa nasema kwa sauti:
- Insulini na vidonge vya glibenklamaidi: sukari inaporomoka, mtu anaweza kupoteza fahamu usingizini.
- Dawa za sukari za jamii ya dapagliflozini na empagliflozini: asidi ya ketoni (inayotokana na mwili kuchoma mafuta) inaweza kupanda mpaka hatari huku kipimo cha sukari kikionyesha kawaida. Unaangalia mashine unaona salama, kumbe si salama.
- Dawa za presha, hasa za kukojosha: presha inashuka kupita kiasi na potasiamu inapotea.
- Diklofenaki na ibuprofeni: tumbo tupu na mwili wenye maji machache, vidonda na figo viko hatarini.
- Steroidi kama predinisoloni hazikatwi ghafla, mfungo au si mfungo.

Kupunguza au kusimamisha dawa ni kazi ya daktari aliyekupima.

Wasiofunga kabisa: mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, aliyekonda sana, mwenye ugonjwa wa kujinyima chakula, mwenye tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi na haijadhibitiwa, mwenye ini au figo zilizoharibika sana. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza naye asijaribu nyumbani. Na mwenye jongo asishangae dole gumba likiwaka katikati ya mfungo: ketoni zinashindana na asidi ya yuriki kutoka kwenye figo, kwa hiyo yuriki ya damu inapanda.

---

Pima Kwanza (#5)

> Kibuyu alisema: Siku zile 19 ndizo zilizogeuza kazi yake yote.

Sikatai kwamba ziligeuza kazi yake. Ila tuweke wazi nini kinathibitika na nini hakithibitiki, kwa sababu mtu anayeumwa anasoma hapa.

Ugonjwa wa Buchinger ulianzia kooni ukashuka viungoni. Baridi yabisi ya namna hiyo huweza kutulia yenyewe baada ya miezi. Hapakuwa na kipimo cha damu cha kuitenganisha na baridi yabisi sugu jinsi tunavyoijua leo. Kwa hiyo kupona kwa mtu mmoja, hata awe daktari, ni sababu ya kuchunguza. Uthibitisho ni kitu kingine. Kwa heshima yake, alifanya hasa hilo: alitumia zaidi ya miaka 40 iliyobaki akiangalia wagonjwa.

Uthibitisho wenye uzito zaidi kwenye viungo ulitoka Norwe mwaka 1991, kwenye jarida la Lancet. Wagonjwa wa baridi yabisi sugu 27 walifunga siku 7 hadi 10, kisha wakala chakula cha mimea kisicho na gluteni, baadaye wakaongezewa maziwa polepole. Wengine 26 walikula kawaida. Walioanza na mfungo walipata nafuu ya maumivu, uvimbe na ukakamavu wa asubuhi, na baada ya mwaka mmoja nafuu ilikuwepo bado. Soma vizuri hapo: mfungo pamoja na kubadili chakula. Mfungo peke yake unashusha uvimbe kwa siku zile, na mtu akirudia chakula chake cha zamani maumivu hurudi.

Juu ya usalama kuna utafiti wa 2019 wa watu 1,422 waliofunga siku 4 hadi 21 kwenye kliniki ya Überlingen. Uzito, kiuno, presha na sukari vilishuka, madhara yalikuwa chini ya asilimia 1. Ni namba nzuri, lakini waliouandika ni watu wa kliniki yenyewe, hapakuwa na kundi la kulinganisha, na wote walikuwa chini ya macho ya madaktari na wauguzi. Ile asilimia 1 haihami kwenda nayo nyumbani kwako.

Na lile neno "sumu". Waandishi wa zama za Buchinger walizungumzia takataka zinazolundikana mwilini, kwa Kijerumani *Schlacken*. Hakuna aliyewahi kuzipima. Ini na figo zinasafisha damu kila siku, umekula hujala. Kinachotokea kweli ni hiki: sukari iliyohifadhiwa kwenye ini inaisha ndani ya siku moja hivi, mwili unahamia kwenye mafuta, ini linatengeneza ketoni, na ubongo unaanza kuzitumia. Harufu mbaya ya kinywa siku ya 3 ni asetoni inayotoka kwa pumzi. Ukoga mweupe kwenye ulimi ni kwa sababu hakuna chakula kinachousugua. Havihitaji hadithi ya sumu.

---

Kibuyu (#6)

Nakubaliana nawe, Pima Kwanza, hata kwenye sumu. Njia inaweza kufaa huku maelezo ya wakati wake yamepitwa.

---

Upepo wa Kusi (#7)

Naomba kuuliza wakuu. Sisi tunaofunga Ramadhani, je, si ndiyo kitu hichohicho? Na kuna mtu anawashauri watu wanywe ile chumvi ya kuharisha siku ya kwanza ya mwezi ili "kuanza safi".

---

Msoma Ramani (#8)

Ndugu yangu, ni vitu viwili. Saumu ya Ramadhani ni ibada: kuanzia alfajiri hadi magharibi bila chakula wala maji, kisha futari na daku. Mwili unapata mlo kila usiku, ila mchana unakosa maji. Mfungo wa Buchinger ni kinyume: hakuna mlo usiku na mchana kwa siku kadhaa, lakini maji yanamiminwa lita 2 na zaidi. Ukinywa chumvi ya kuharisha halafu ukakaa kutwa bila maji, kwenye joto la Tanga au Mombasa, unakausha mwili kabla ya saa sita mchana. Huyo mshauri ashauriwe yeye.

Panapokutana ni kwenye nia. Buchinger alikuwa Mkweka (Quaker), dhehebu la Kikristo lenye ibada ya ukimya, na Bad Pyrmont ni mji wenye nyumba ya Wakweka wa Ujerumani. Kwake nusu ya tiba ilikuwa chakula cha roho: muziki, kusoma, sala, ukimya, kutembea msituni, kuacha ugomvi. Mgonjwa aliyefunga tumbo huku akilisha chuki kwake hakuwa amefunga. Nafikiri wasomaji wa uzi huu hawahitaji kufafanuliwa hilo.

---

Kibuyu (#9)

Kufungua, kama nilivyoahidi.

Siku ya mwisho wa mfungo, mchana, mtu anapewa tufaha moja bivu. Moja. Linakatwa vipande vyembamba, kila kipande kinatafunwa mpaka kiwe uji mdomoni ndipo kinamezwa. Inaweza kuchukua dakika 20. Tumbo limepunguza utengenezaji wa asidi na vimeng'enya, na mate ndiyo yanayoanza kazi. Anayejisikia ameshiba nusu ya tufaha anaacha hapo, hamalizii kwa kuona vibaya. Jioni supu ya viazi iliyopondwa, bila mafuta ya kukaanga.

Baada ya hapo kama siku nne za kupanda ngazi: karibu kalori 800 siku ya kwanza, hadi karibu 1,600 siku ya nne. Mboga zilizochemshwa, mtindi kidogo, wali, mbegu za kitani zilizolowekwa ili choo kirudi. Maji yanaendelea. Nyama, chipsi, pilau, soda na pombe havina nafasi hapo. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba siku za kurudi kwenye chakula ziwe theluthi ya siku za mfungo: siku 9 kwa siku 3, siku 15 kwa siku 5.

---

nesi_wa_zamu (#10)

Sababu yake ni hii. Wakati wa mfungo mrefu akiba ya fosfeti, potasiamu, magnesiamu na vitamini B1 inapungua ndani ya seli, ingawa kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kawaida. Ukila wanga mwingi ghafla, insulini inapanda na kuyavuta madini hayo yote kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli kwa mara moja. Fosfeti ya damu inaporomoka, misuli ya kupumua inachoka, moyo unapiga ovyo, miguu inavimba. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wafungwa waliokombolewa walikufa hivyo mbele ya sahani zilizojaa, kwa wema wa waliowalisha.

Miongozo ya hospitali inamhesabu mtu kuwa kwenye hatari kubwa kama amekaa zaidi ya siku 10 karibu bila kula, au uwiano wa uzito na urefu (BMI) uko chini ya 16. Akiwa na uwiano chini ya 18.5, siku zaidi ya 5 tu zinatosha kumweka humo. Kwa hiyo mtu mwembamba hana biashara na mfungo wa wiki, hata awe na nia nzuri kiasi gani.

---

Upepo wa Kusi (#11)

Nimeelewa, ahsanteni sana. Swali la mwisho: tufaha huku kwetu ni ghali. Papai linafaa?

---

nesi_wa_zamu (#12)

Papai bivu linafaa, laini na halina asidi kali. Kipande cha kujaa kiganja, kitafunwe vilevile polepole ingawa ni laini. Embe lina sukari nyingi zaidi, liache mpaka siku ya tatu. Nanasi na machungwa vinaunguza tumbo tupu. Ndizi mbivu nusu inaweza kuingia siku ya pili.

Kaka Kibuyu, naomba kwenye posti ya kwanza uweke juu kabisa orodha ya dawa na ya wasiofunga. Watu wanakili posti ya kwanza tu na kuisambaza.

---

Kibuyu (#13)

Sawa dada, naihariri sasa hivi. Wenye kunakili nawaomba mnakili na posti #4 na #10 pamoja nayo.